Kunde Iliyofungiwa Kabatini

Wenzangu wa maabara,

Siku ile mliponiaga kwa chai na mandazi, mmoja wenu aliuliza swali ambalo wengine mmekuwa mkiliuliza chini kwa chini miaka yote: kwa nini mzee Wanjala hafungii mmea kabatini? Vitabu vyote vinasema ukitaka kuonyesha kwamba jani halitengenezi chakula bila mwanga, chukua mmea mzima, uweke gizani siku mbili, kisha upime. Ni kazi rahisi, hata mvivu anaiweza. Mimi badala yake nimehangaika na karatasi nyeusi na vibanio vya nguo, nikifunika jani moja moja kama muuguzi anayefunga kidonda. Siku ile nilicheka nikasema ni mazoea ya uzeeni. Haikuwa kweli.

Sitawaandikia habari za kupandishwa cheo. Zilikuwa chache na hazina utamu. Nitaandika nilivyoanza, mtu aliyenifunza kazi, na wiki moja ya Kakuma ambayo sijaweza kuisahau. Kwenye kitabu cha maabara cha wiki hiyo kuna mstari mmoja, kwa mwandiko wangu, ambao ni wa uongo. Nataka kuusahihisha kabla mkono haujaanza kutetemeka.

Nilifika Lodwar mwanzoni mwa miaka ya tisini nikitokea Kitale, barua ya kazi nimeificha ndani ya soksi, kwa sababu nilikuwa nimetishwa sana na habari za majambazi wa barabarani. Njiani, pale Kainuk, tulisimamishwa, tukangoja magari mengine yafike ili tuandamane na askari, na hakuna aliyeitaka soksi yangu. Kwetu jina Wanjala hupewa mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa. Mimi nililirithi kwa babu tu. Njaa yenyewe sikuwahi kuiona, maana nilikulia katikati ya mahindi, na chakula kikichelewa kwetu basi ni kuni zilikuwa mbichi. Nawaambia haya mapema kwa sababu yana uzito huko mbele.

Niliyemkuta kwenye maabara ya shule ni Mzee Ekal, Mturkana mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi sikio moja. Alikuwa msaidizi wa maabara pale shuleni tangu jengo lilipoezekwa.

"Ejok," akanisalimu.

Sikujua la kujibu. Nikasema, "Asante."

"Ukiambiwa ejok, unajibu ejok," akasema. "Hiyo ni ya kwanza. Ya pili, hiyo chupa ya spiriti usiguse mpaka nikwambie."

Niliigusa kabla ya saa sita. Nilitaka kumwonyesha kwamba chuoni tulifundishwa. Nikatia jani kwenye mrija wa kioo, nikamimina spiriti juu yake, nikaushika mrija juu ya moto ili kazi iende haraka. Spiriti ikawaka, na nyusi zangu zikaenda nayo. Mzee Ekal hakupiga kelele. Alichukua gunia lenye maji akalitupa juu ya meza, moto ukazima, kisha akanisukumia kitabu kikubwa chenye jalada jeusi.

"Andika."

Nikaandika: Ajali ndogo imetokea. Akasoma, akakata kwa kalamu nyekundu.

"Wewe umeona ajali? Mimi niliona moto. Andika kile umeona."

Nikaandika upya: Nilishika mrija wa spiriti juu ya moto. Spiriti ikawaka. Nyusi zangu zimeungua. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda kunywa chai. Hilo ndilo somo kuu alilonifundisha kwa miaka mitatu, akilirudia kwa namna mia. Kitabu cha maabara si cha kuandika unachotaka kuona, wala kile mwalimu anataka kuona.

Mzee Ekal hakuwa na shahada ya kitu chochote, lakini sijamsikia mtu akieleza usanisinuru vizuri kama yeye. Walimu wakishamaliza kujaza ubao kwa Kiingereza, aliwatoa wanafunzi nje, akashika jani la kunde, akaligeuza.

"Hii ni jikoni," aliwaambia. "Maji inatoka chini, kwa mizizi. Hewa inaingia kwa matundu, huku chini ya jani, matundu kidogo hata jicho haioni. Hii rangi ya kijani ndio inashika jua, na jua ndio moto. Basi, inapika. Inapika sukari. Ile imebaki inawekwa akiba, inaitwa wanga. Usiku hakuna moto, hakuna kupika, mti inakula akiba yake. Na moshi ya hiyo jiko ndio hii pumzi unavuta sasa."

Wanafunzi walivuta pumzi wote pamoja bila kuambiwa. Niliona jambo hilo kila mwaka na sikulichoka.

Kupima wanga mnakujua, lakini acheni niandike alivyonifunza, maana hata sasa naona watu wakiruka hatua. Chemsha jani ndani ya maji dakika moja ili life. Zima moto. Weka jani kwenye mrija wenye spiriti, na mrija usimame ndani ya chombo cha maji moto, wala usikaribie moto wenyewe. Kama mna shaka, ulizeni nyusi zangu. Ukijani wote utahamia kwenye spiriti, jani libaki jeupe na kukatika kama karatasi ya zamani. Lioshe kwa maji ya vuguvugu lilainike. Litandaze juu ya kigae cheupe. Dondoshea iodini. Pasipo na wanga, iodini hubaki na rangi yake ya kahawia. Penye wanga, inageuka nyeusi yenye ubuluu. Na kwa joto la Turkana, iodini hupungua nguvu chupani hata kama hujaitumia, kwa hiyo ijaribuni kwanza kwa chembe ya ugali kabla ya kulaumu jani. Tena chumeni jani lililokula jua la asubuhi. Mchana majani mengi ya huku hufunga matundu yasikauke, na kazi inalala mwanga ukiwa tele.

Baada ya hiyo miaka mitatu nilipelekwa Kakuma kusaidia shule ya sekondari ya kambi ya wakimbizi. Kambi ilikuwa bado changa, mabati mapya yakimeremeta hadi upande wa Lopur, na watu wa kusini mwa Sudan wakizidi kufika kwa malori. Madarasa yalikuwa ya matofali ya udongo. Maabara haikuwapo. Nilipewa pembe ya stoo, kabati moja la mbao lisilo na kufuli, na meza. Sehemu iliyobaki ya stoo ilikuwa ya jikoni: unga, maharagwe na makopo ya mafuta ya msaada. Mlangoni mkuu wa shule alibandika karatasi iliyosema kwamba atakayefungua au kugusa kisicho chake ataondoka kazini siku hiyo hiyo. Haikuwa maneno tu. Mpishi wa kwanza alikuwa ameshaondoka kwa sababu hiyo.

Mpishi wa pili ndiye Mama Akiru. Alikuwa Mturkana wa pale pale Kakuma, amenizidi umri kama miaka kumi na tano, shanga shingoni hadi kidevuni, rozari juu ya shanga. Alikuwa na watoto wanne nyumbani waliokula kwa kazi ile. Akiru hakuwa miongoni mwao. Akiru ni jina la mvua kwa Kiturkana, naye alikuwa mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa mvua ikinyesha na kufa wakati wa ukame kabla hajajua kutembea. Watu waliendelea kumwita mama yake kwa jina lake. Niliambiwa hayo na mlinzi wa lango, siku niliyouliza kwa kelele Akiru yuko darasa la ngapi.

Mimea yangu ilikuwa mikunde miwili, nimeipanda kwenye makopo matupu ya mafuta na kuinyweshea maji ya kuoshea vigae. Mama Akiru aliipenda. Asubuhi alipita akaitazama, akagusa jani, akasema siku yoyote nikichoka na masomo yangu, yeye ana sufuria.

Darasa la watahiniwa lilikuwa na watu kumi na mmoja, na mwanamke alikuwa mmoja tu, Adut. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mjane, na mtoto aliyemwachia jirani wakati wa masomo. Shemeji zake walikuwa wamemruhusu kusoma hadi mwisho wa mwaka ule na si siku moja zaidi; baada ya hapo angerudi kukaa kwa ukoo wa mume. Kwa hiyo kwake hakukuwa na neno "mwaka ujao". Alitaka kuwa mwalimu. Alikuwa mwanafunzi wa kuchosha, wa aina ile ninayowaombea ninyi nyote mpate. Ukimwambia jani lina matundu, alitaka kuyaona.

Mtihani wa majaribio ulipofika, mkuu wa shule alisema asiyefikisha alama hataandikishwa kwa mtihani wa taifa. Orodha ya majina ingepelekwa Lodwar Ijumaa kwa gari la shule. Swali la vitendo la biolojia lilikuwa letu la kawaida: jani A kutoka mmea uliokaa gizani, jani B kutoka mmea uliokaa juani, pima wanga, andika ulichoona, eleza sababu. Kazi hiyo ilipangwa Jumatatu saa nane mchana.

Jumamosi asubuhi nilijaribu iodini kwa chembe ya ugali, ikabaki kahawia. Ilikuwa imekufa. Ilinibidi niende Lodwar kwa Mzee Ekal kuomba nyingine, na gari lilikuwa linaondoka. Nikachukua mkunde mmoja mbio mbio, nikautia kabatini, nikafunga milango kwa kamba ya katani. Mama Akiru alikuwa anapima unga nyuma yangu.

"Wanjala, hiyo kunde imekosa nini?"

"Haijakosa kitu, Mama Akiru. Nataka ipate njaa."

"Njaa?"

"Jua ndilo chakula chake. Ikikaa humu siku mbili bila jua, itamaliza akiba yote iliyonayo. Jumatatu wanafunzi waone njaa inafanana vipi."

Nilisema hivyo nikicheka. Hapa ndipo ninapotaka msimame kidogo. Mtoto wa mahindi, mwenye jina la njaa, nilimwambia mama wa Akiru kwamba nataka kiumbe kipate njaa ili watu wakitazame. Alirudi kwenye unga wake. Nilidhani hakuelewa, nikapanda gari.

Jumatatu msafara ulinifikisha Kakuma saa tano. Nilipofungua kabati nilikuta kamba imefungwa kwa fundo nisilolijua, fundo la kufungia mizigo ya punda. Udongo ndani ya kopo ulikuwa na unyevu. Niliona vyote viwili. Nilikuwa na haraka ya kupanga vigae, sikuandika kitu.

Saa nane kazi ikaanza. Nilichemsha maji kwa jiko la makaa, nikagawa majani, nikakaa pembeni jinsi sheria inavyotaka. Walifanya kazi kwa utulivu, na jasho likadondoka kwenye karatasi. Walipotoka nikaenda kukusanya vigae. Kulikuwa na vigae ishirini na viwili juu ya madawati, na kila jani juu ya kila kigae lilikuwa jeusi. Jani A lilikuwa jeusi sawasawa na jani B, watu wote kumi na mmoja. Nikaviosha vigae, sikumwambia mtu.

Jumatano asubuhi Mwalimu Simiyu, kijana wa biolojia aliyekuwa amefika muhula ule, aliwarudishia karatasi. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vigae vilivyooshwa. Watu kumi walikuwa wameandika kwamba jani A lilibaki kahawia. Adut aliandika kwamba majani yote mawili yaligeuka meusi, kwamba hajui sababu, na kwamba huenda mmea A haukukaa gizani. Alipata sifuri kwenye swali zima, na kwa sifuri hiyo akakosa alama za kuandikishwa.

"Adut, nimewafundisha hili mara ngapi?" Mwalimu Simiyu hakuwa mkali, alikuwa amevunjika moyo. "Jani la gizani haliwezi kuwa jeusi."

"Mwalimu, mimi naandika macho yangu imeona."

"Watu kumi waone kahawia, wewe peke yako uone nyeusi?"

"Sijui wao wameona nini. Labda wameona kitabu." Akainua karatasi yake. "Kama nitaandika rangi ya kitabu, sasa sisi tunachoma majani ya nini?"

Wale kumi walitazama madawati yao. Adut alinigeukia mimi mlangoni, akanitazama, kwa sababu alijua ni mimi niliyeosha vile vigae. Nami nikageuka nikaenda zangu na sinia. Nimefanya makosa mengi katika kazi hii, nimevunja vyombo, nimeungua nyusi, lakini aibu ya hatua zile kumi na tano kutoka mlango wa darasa hadi stoo sijapata nyingine kama hiyo.

Nilikwenda moja kwa moja jikoni. Mama Akiru alikuwa anasonga ugali kwenye sufuria kubwa kuliko mtoto.

"Mama Akiru, ni wewe ulifungua kabati?"

"Ni mimi." Hata mwiko hakuusimamisha. "Jumapili nikitoka kanisa, nikaweka nje mpaka jioni. Jumatatu tena asubuhi. Nikasikia gari, nikarudisha, nikafunga."

"Kwa nini?"

Sasa akauweka mwiko chini.

"Wewe ulisema iko na njaa. Ulisema jua ndio chakula yake. Halafu unafunga na kamba unaenda Lodwar. Mimi napika chakula ya watu mia mbili, na nyuma ya mgongo yangu kuna kitu inalala njaa?" Akajipangusa uso kwa kanga. "Akiru alikufa hapa, nimemshika kwa mkono yangu. Sikuwa na kitu ya kumpa. Hakuna maziwa, hakuna majani, hakuna kitu. Hiyo kunde chakula yake ilikuwa hapo nje, bure. Ilikuwa mlango tu, Wanjala. Mlango tu."

Nilimfundisha usanisinuru kwa sentensi tatu, nikicheka, na yeye akawa mtu pekee shuleni aliyeufanyia kazi.

Sasa mwone nilipokuwa. Nikinyamaza, Adut anakosa mtihani kwa kosa la kuandika kweli, na mwisho wa mwaka anarudi kwa shemeji zake. Nikisema kilichotokea, Mama Akiru anaondoka siku hiyo hiyo, na watoto wanne pamoja naye. Karatasi bado ilikuwa mlangoni. Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa karatasi yake.

Nikaenda ofisini kwake nikasema nilisahau kufunga kabati. Nilisema niliacha milango wazi Jumamosi kwa sababu ya haraka ya gari, dirisha la stoo linaingiza jua, na mmea ukakaa mwangani siku zote mbili. Majani yote yalikuwa meusi na Adut ndiye aliyeandika kweli. Mkuu wa shule alivua miwani. Akaniuliza kama najua maana ya ninayosema. Nikasema najua. Akaniambia niyaandike kwenye kitabu cha maabara, nitie sahihi, naye akatia ya kwake chini yangu. Niliandika: Msaidizi wa maabara alisahau kufunga kabati. Kalamu haikugoma. Nilidhani ingegoma.

Mwalimu Simiyu aliposikia alienda darasani akawaomba radhi, Adut kwanza. Wale kumi hakuwapa adhabu. Aliwaambia tu kwamba swali litarudiwa Ijumaa asubuhi, kabla gari halijaondoka.

Nilibaki na shida moja. Ilikuwa lazima nipate jani lenye njaa, na sikuweza kumfanyia Mama Akiru jambo lile mara ya pili. Nikaomba karatasi ya kaboni ya mashine ya kupigia chapa pale ofisini, nikachukua vibanio vya nguo, nikamwita aje aone. Nikafunika jani moja la kila mwanafunzi, juu na chini, mengine nikayaacha wazi, na makopo yote mawili nikayaweka juani.

"Hii moja tu haipati jua," nikamwambia. "Ndugu zake wote wanakula. Mmea wenyewe hautakuwa na njaa."

Aliinama akazunguka kopo, akihesabu majani yaliyo wazi.

"Hiyo moja inafunga," akasema, "kama sisi Kwaresima."

"Ndiyo, inafunga."

"Sawa. Kufunga si njaa." Akajinyoosha. "Wameandika jina yangu?"

"Hapana."

"Wameandika nani?"

"Mimi. Nimesema nilisahau."

Nilitegemea atanishukuru. Alinitazama kama Mzee Ekal alivyonitazama siku ile ya moto.

"Si wewe kila siku unaambia hawa watoto, andika kitu umeona?"

"Ni mimi."

"Sasa umeandika kitu hukuona." Akachukua debe lake la maji. "Nitakaa kwa kazi, kwa sababu ya watoto. Lakini mimi nikishaenda, Wanjala, andika vile ilikuwa. Mimi sioni haya."

Ijumaa jani lililofunikwa lilibaki kahawia, na la pili likawa jeusi, na wote kumi na mmoja waliandika hivyo, safari hii baada ya kuinama na kutazama sana. Jina la Adut liliondoka na gari. Alifanya mtihani wa taifa mwaka ule akapita, na ukoo wa mume ukakubali, baada ya maneno mengi, abaki kambini afundishe shule ya msingi. Mara ya mwisho niliyomwona alikuwa chini ya bati na watoto sitini, ameshika jani la kunde, analigeuza.

Mimi nilipata barua ya onyo na kurudishwa Lodwar. Barua haikuniumiza. Kilichoniumiza ni Mzee Ekal. Kitabu cha Kakuma kilipitia mikononi mwake, akasoma, akaniita.

"Ulisahau kabati?"

"Nilisahau, mzee."

"Wewe?"

"Mimi."

"Haya," akasema. Hakuligusa tena jambo hilo. Ila tangu siku ile, kila jioni nikishafunga maabara, yeye alirudi akajaribu makabati yote kwa mkono wake, moja baada ya jingine, nami nimesimama mlangoni na funguo. Alifanya hivyo mpaka alipostaafu. Alikufa akiamini kwamba alinifunza kazi vibaya. Ningemwambia, angenisamehe na angenyamaza, lakini siri haikuwa yangu peke yangu, na mama wa watoto wanne alikuwa bado anapika Kakuma. Nililia siku ya maziko yake kuliko jamaa zake walivyoelewa.

Tangu hapo sijafungia mmea kabatini. Mmeona jani moja likifunikwa na mengine yakila jua, mkadhani ni utaratibu wa kisayansi. Ni kweli unafanya kazi vizuri, tena unaokoa mmea. Lakini nilijifunza jikoni.

Wiki mbili kabla ya kuagana nanyi, dereva wa gari la Kakuma alinipa habari kwamba Mama Akiru amefariki, kwa uzee, nyumbani kwake, watoto na wajukuu wakiwa karibu. Nikaenda stoo ya vitabu vya zamani. Kitabu kile kipo bado, jalada jeusi limeliwa na mchwa pembeni, sahihi mbili zinasomeka. Sikuukata ule mstari, kwa sababu Mzee Ekal pekee ndiye aliyekuwa na haki ya kalamu nyekundu. Nimeandika chini yake kwa bluu, na ninawaandikia hapa pia, ili usomwe na watu walio hai:

Sahihisho. Jani A lilikuwa jeusi. Kabati nilifunga, kwa kamba, Jumamosi asubuhi. Lilifunguliwa Jumapili na Jumatatu na Mama Akiru, mpishi wa shule, akautoa mkunde juani na kuunywesha maji. Hakukosea. Aliambiwa kuna kiumbe chenye njaa, akakilisha.